Jina la Timu Lihame au Libaki?

Tulipohamia Kisaju kutoka Umoja, Nairobi, wanangu walikuja na mpira wa vikapu na jina la timu yao, Umoja. Watoto wa hapa wakakataa katakata kulichezea. Wiki mbili hakuna mchezo.

Nikawaeleza kwamba Lakers waliitwa hivyo kwa maziwa mengi ya Minnesota, siyo ya ng'ombe, wakahama na jina hadi Los Angeles mwaka wa 1960. Timu ya Seattle ilipohamia Oklahoma City mwaka wa 2008, iliacha jina la Sonics, ikajiita Thunder.

"Mama, Los Angeles hayo maziwa yako wapi?" mtoto wa jirani akauliza. Nilikosa jibu.

Sasa wanaitwa Nyumbu, wanyama waliozoea kuja huku kutoka Mbuga ya Nairobi kabla ya sisi wageni kuwazibia njia kwa seng'enge. Angalau jina tuwaachie, ama sivyo?