Divai Nyeupe ya Burgundy na Jinsi Inavyopimwa

Msafiri atokaye Paris akielekea kusini mashariki, baada ya kilometa 180 hivi hufika Chablis, mji mdogo ulioko kando ya mto Serein, katika eneo la Burgundy, nchi ya Ufaransa. Jina lake ni kubwa kuliko mji wenyewe. Ng'ambo ya mto tuliona kilima kilichopandwa mizabibu safu kwa safu, toka chini hata karibu na kilele. Mizabibu hiyo ni ya aina moja tu, nayo ni Chardonnay. Hamu yetu ilikuwa kujua jinsi tunda moja liwezavyo kuzaa divai za ladha mbalimbali, na jinsi wenyeji wazipimavyo.

Kusini zaidi, upande wa Mâcon, kipo kijiji kiitwacho Chardonnay. Lakini ukoo wa mzabibu huu ulijulikana hakika mwaka 1999 tu, wataalamu walipochunguza urithi wake. Mzazi mmoja ni Pinot, mzabibu wa heshima; wa pili ni Gouais Blanc, mzabibu wa wanyonge, uliodharauliwa sana zamani. Kumbe mtoto asifiwaye duniani kote ana damu ya mnyonge!

Katika mashamba ya Chablis, watawa wa Pontigny, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1114, walilima mizabibu karne nyingi zilizopita. Ukiokota jiwe pale, utaona ndani yake magamba madogo ya chaza, maana zamani za kale bahari ilifunika nchi ile. Ardhi ni ya chokaa, na baridi yake ni kali. Mwezi wa Aprili, machipukizi yakiwa bado laini, jalidi yaweza kuyaua usiku mmoja, kama ilivyotokea mwaka 2021. Hapo wakulima hukesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya safu, au hunyunyiza maji ili yagande na kuyafunika machipukizi kama ganda. Basi, anayeipima bilauri ya divai hupima jasho la mwaka mzima. Haifai aipime ovyo.

Kuonja kwenyewe kuna utaratibu. Bilauri hushikwa kwa mguu wake, isipate joto la mkono. Nayo divai isiwe baridi mno, kwani baridi huficha harufu. Kwanza hutazamwa rangi mbele ya kitambaa cheupe. Pili hunuswa, ikazungushwa polepole, ikanuswa tena. Tatu huchukuliwa kiasi kidogo kinywani, kikazungushwa juu ya ulimi pamoja na hewa, kisha kikatemwa ndooni. Mwonjaji si mlevi: akimeza yote, bilauri ya kumi haitakuwa na hakimu. Mwisho huhesabu ladha inakaa muda gani baada ya kutema.

Divai ya Chablis mara nyingi hutunzwa katika matangi ya chuma. Tuliona ina rangi hafifu, harufu ya ndimu na ya tufaha bichi, na uchachu unaoamsha kinywa. Divai ya Meursault, kijiji kilicho kusini ya Beaune, hulelewa katika mapipa ya mwaloni ya lita 228. Hii ni ya dhahabu, nzito kinywani, yenye harufu ya lozi na siagi. Siagi haikutiwa humo: vijidudu hugeuza uchachu mkali wa tunda kuwa mpole, na harufu hiyo hutokana na kazi yao. Ipi iliyo bora? Swali hilo si sawa. Ulizeni kama kila moja ni safi, kama uchachu, kileo na utamu wa tunda vimelingana, na kama mwaloni haukuimeza zabibu.

Jambo gumu kuliko yote ni kulisahau jina. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waonjaji tisa wa Kifaransa, wote watu wenye sifa katika kazi hiyo, waliletewa divai kumi za Chardonnay pasipo kuonyeshwa chupa. Nne zilikuwa za Burgundy, sita za Kalifornia. Mmoja wao alionja ya Marekani akafurahi kwamba sasa amerudi Ufaransa! Alama zilipojumlishwa, ya kwanza ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, kutoka Kalifornia. Divai ya Meursault ilikuwa ya pili. Burgundy haikuharibika siku ile, ila watu walijua kwamba ndimi zao zilikuwa zimezoea kutii karatasi iliyobandikwa juu ya chupa.

Wazee wetu walikwisha kunena: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa ya jana si kipimo cha kinywaji cha leo. Naye msomaji atakayealikwa kutoa hukumu, iwe juu ya divai ya ng'ambo au pombe ya ndizi ya jirani, na afunike jina kwanza, aonje kidogo, aseme kweli.