Chumba Chenyewe Ndicho Hiki

Shangazi alikuwa akinusa chumba kabla hajakitazama. Mwenye nyumba akishazungusha ufunguo na kusukuma mlango, yeye haingii. Anasimama kizingitini, pindo la kanga kalibana kwapani, anavuta pumzi taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. Vyumba vilivyokaa bure vina harufu zake. Kipo kinachonuka chokaa mbichi na mende. Kipo kinachonuka mafuta ya taa, yaliyomwagika miaka na miaka pembeni lilipokaa jiko la mchina. Na kipo kile chenye ubaridi wa kaburi, harufu ya saruji isiyokauka hata jua la Januari lichome vipi. Hicho alikiogopa.

Akisha kunusa, hunigeukia mimi. "Haya, mwanangu, tazama juu." Macho yake yalikuwa yameanza kumtupa, kwa hiyo kazi ya paa ilikuwa yangu. Naingia, naomba mlango ufungwe, nabaki gizani nikihesabu vitundu vya bati. Kila kitundu kilikuwa nyota, na kila nyota ilikuwa sufuria moja la kukingia mvua. Natoka namnong'oneza, "Nne." Hapo tena ndipo yeye huingia, akaenda moja kwa moja ukutani, akainama na kupitisha kidole gumba usawa wa vifundo vya miguu. Sikujua anatafuta nini. Nilidhani ni uzee tu, kushika ukuta asianguke.

Ilikuwa mwaka 1997, Magomeni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Korogwe, majibu yametoka na hayakuwa ya kuonyesha watu, baba akaona heri nije mjini kwa dada yake nitafute la kufanya. Nilifika na begi moja na kuku wawili. Kuku walikufa wiki ile ile. Mimi nikakabidhiwa kazi ya miguu.

Shangazi alikuwa dalali wa vyumba. Watu wakimwita Bi Dalali, na yeye akiitika bila kinyongo, ingawa neno lenyewe wengi walilitamka kama wanatema kokwa. Hakuwa na ofisi, hakuwa na kibao. Alikuwa na kitita cha funguo alichokifunga kwenye pindo la kanga, kila ufunguo umefungwa uzi wa rangi yake: mwekundu ni kwa mama fulani wa Magomeni Mikumi, wa kijani kwa mzee anayeishi Unguja na nyumba yake iko Magomeni Kagera, wa njano kwa ndugu watatu wasiosemezana. Kusoma alijua, alijifunza kwenye madarasa ya watu wazima enzi zile za kisomo, akiandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala kama mbuzi mchana. Lakini funguo alizitia nyuzi. Alisema karatasi hupotea, uzi unaushika hata gizani umeme ukikatika. Nikamuuliza, gizani rangi utaionaje? Akanitazama kwa muda. "Na mafundo je?" Nilipozishika kwa kidole nikagundua kweli kila uzi ulikuwa na idadi yake ya mafundo.

Tuliamka alfajiri, baada ya sala. Uani kulikuwa na moshi wa mkaa mbichi, mtu anapuliza jiko kwa mfuniko wa sufuria, mwingine anakwangua masizi, na nje mikokoteni ya maji imekwisha anza kugongana na madumu yake kwa kuwa mfereji wetu siku nyingi ulitoa hewa tu. Mama wa chumba cha pili alikaanga maandazi ya biashara. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto naona korido ile ndefu, milango mitatu huku na mitatu huku, kila mlango na pazia lake, na sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa katikati ambapo nyayo zote zilipita. Ndizo nyumba za Magomeni: baraza mbele, korido katikati, uani nyuma kwenye choo, bafu na majungu. Kuta za vyumba hazikufika juu. Silingi bodi ilikuwa anasa. Jirani akigeuka kitandani ulijua kageukia upande gani, na mume na mke wakitaka kugombana walitoka nje kabisa, wakatembea hadi barabara ya Kawawa wakirudi wamepoa.

Kwa hiyo kumpangisha mtu chumba Magomeni hakukuwa kumpa kuta nne. Ulikuwa unampeleka kuishi na watu watano, sita, pamoja na vikohozi vyao. Shangazi alilijua hilo kuliko dalali yeyote niliyemwona baadaye.

Madalali wa kiume walikaa Mapipa, kivulini kwenye mwarobaini, wakicheza bao na kusubiri mteja aje. Shangazi hakukaa. Alipita, akanunua kikombe kimoja cha kahawa na kashata moja, akanywa akiwa amesimama kama ana haraka, kumbe masikio yote yako pale. Nani kahamishwa kikazi kwenda Dodoma. Binti wa nani kaachika karudi kwao, kwa hiyo kaka yake itabidi apishe chumba. Nani kapata kiwanja Tabata na ameanza kufyatua matofali, huyo baada ya miezi minane atahama. Msiba nao alihudhuria, akamenya vitunguu tangu asubuhi mpaka macho yakavimba, na jioni akarudi anajua kwamba chumba cha marehemu hakitagawanywa, kitapangishwa. Wapo waliosema ni roho ngumu. Mimi nasema vitunguu alivimenya kwelikweli.

Na mimi nilikuwa simu yake. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wenye magari, na simu ya mezani kwenye mtaa wetu ilikuwa dukani, yenye kufuli. Mteja akija saa tatu akitaka chumba cha elfu saba chenye umeme, mimi hutoka mbio: Usalama, upande ule wa nyumba aliyokaa Mwalimu kabla ya uhuru, halafu Kagera, halafu kuteremka Mzimuni hadi Suna kule kunakoelekea bonde la Msimbazi. Namba za nyumba zilikuwepo milangoni lakini hakuna aliyezitumia. Ulikwenda "kwa fundi redio", ukapinda "kwenye mwembe uliokatwa", mwembe ambao mimi sikuwahi kuuona kwa sababu ulikwisha katwa. Nilifundishwa hodi tatu, si zaidi. Shikamoo kwanza, hali ya wajukuu pili, chumba mwisho kabisa, tena kwa kuzunguka: "Shangazi anakusalimu, anauliza kama yule mgeni wenu alikwisha ondoka." Ukiuliza moja kwa moja kodi inapanda.

Wenye nyumba walikuwa na maswali yao. Ana watoto wangapi? Anakunywa? Ana redio kubwa? Ana friji? Bili ya umeme iligawanywa kwa kuhesabu balbu, kwa hiyo mwenye friji alikuwa adui wa taifa, na pasi ya umeme ikionekana kikao kinaitishwa. Mwanamke asiye na mume ndiye aliyepata taabu zaidi. Milango mingi ilimfungia kabla hajaketi. Hapo shangazi hubadilika sauti. "Huyu ni mwanangu," husema, na mwenye nyumba anajua fika si mwanawe, na shangazi anajua kwamba anajua, lakini neno likishatamkwa barazani mbele ya watu limekuwa dhamana. Nilihesabu mwaka ule shangazi alipata watoto wa kike kumi na mmoja.

Malipo yalikuwa miezi sita mbele. Chumba cha shilingi 7,000 maana yake mpangaji aje na 42,000 za mwenye nyumba na 7,000 za dalali, mwezi mmoja, ndiyo desturi. Mkataba uliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na mjumbe wa nyumba kumi akashuhudia. Noti shangazi hakuzihesabu mbele ya mtu. Alizikunja, akazifunga pindoni, kisha tukifika kona ya pili ndipo azifungue. Wapo waliomruka. Walionyeshwa chumba asubuhi, wakasema wanakwenda kufikiri, jioni wakarudi wenyewe kwa mlango wa uani wakamalizana na mwenye nyumba. Alikuwa hapigi kelele. Ila mwaka ukiisha na mtu yule yule akitafuta chumba kingine, hakuna chumba Magomeni nzima.

Sasa nije kwenye maneno yake, maana ilinichukua miezi kuyajua. Mteja akishaona chumba humgeukia dalali amsikie atasemaje. Shangazi alikuwa na semi tatu tu. Akisema "chumba kizuri", lipa hata kwa kukopa. Akisema "chumba cha kukaa", kina kasoro lakini kasoro za binadamu: jirani mlevi, choo cha foleni, jogoo. Na akisema "chumba chenyewe ndicho hiki", basi hakusema kitu. Alikuwa ameondoa mkono wake. Mwenye nyumba hakuweza kumlaumu kwamba kamharibia, na mteja mwenye masikio angesikia. Tatizo ni kwamba wateja hawakuwa na masikio hayo. Niliyekuwa nayo nilikuwa mimi, na sikuulizwa.

Agosti ile ilikuwa kavu. Wiki tatu hatujapangisha hata banda, sukari tunaikopa kwa vijiko. Akaja kijana fundi cherehani, mtu wa Lindi, na mkewe mja mzito, mpole, amevaa kandambili za rangi mbili. Wana elfu hamsini kasoro kidogo. Tukawapeleka Suna. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa upya, cheupe mpaka unafumba macho, dirisha limetazama bondeni kwenye minazi na bustani za mchicha. Mke alipenda dirisha. Shangazi alinusa, kisha akapita ukutani na kidole gumba chake. Safari hii nilikuwa karibu. Chokaa ilibanduka kama ganda la yai, na chini yake kulikuwa na mstari, wa rangi ya chai ya maziwa, umenyooka kama umepigwa kwa rula, ukizunguka chumba chote usawa wa vifundo vya miguu.

Kijana akauliza kama maji hufika. Mwenye nyumba akajibu kwamba tangu ajenge hajayaona. Wote wawili wakamgeukia shangazi. Alikuwa anapangusa kidole kwenye kanga.

"Chumba chenyewe ndicho hiki," akasema.

Njia nzima ya kurudi hatukuzungumza. Kwenye kona ya pili alifungua pindo, akanunua sukari kilo moja na sabuni.

Mvua za mwisho wa mwaka ule kila mwenye umri wangu anazikumbuka. Magazeti yaliandika El Niño, mtaani tukasema Elinino, kama jina la mtu. Usiku mmoja bati lilipigwa mpaka hatukusikiana, na kabla ya adhana shangazi alikuwa amekwisha jitanda, ameshika fimbo mlangoni. Tuliteremka Suna gizani. Maji yalikuwa na rangi ile ile ya chai ya maziwa, yanakuja bila kelele, yamebeba ndala, makopo na mbigili. Ndani ya kile chumba yalifika magotini. Cherehani, Singer nyeusi, ilikuwa juu ya kitanda, na mke juu ya kitanda pembeni yake amekumbatia mtoto wa wiki chache, na mume amesimama majini akishikilia mguu wa kitanda kama kamba ya mashua. Shangazi alimpokea mtoto. Mimi na mume tukabeba cherehani kichwani kwa zamu hadi nyumbani.

Walikaa barazani kwetu siku ishirini na mbili. Fundi alishonea pale pale, na mtaa mzima ulileta viraka. Shangazi akawatafutia chumba Mikumi, juu, mbali na bonde, na elfu zake saba hakuchukua. Kuhusu Suna hakutamka neno, si kwao si kwangu. Niliona tu kwamba tangu hapo kule chini hakunituma tena. Miaka mingi baadaye, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 na karakana yao kuwekwa Jangwani, kwenye bonde lile lile, nikasoma kwamba maji yameingia humo tena na tena. Nilikumbuka kidole gumba kile.

Mimi nilipata kazi kiwandani, kisha nikapata chumba changu mwenyewe Sinza, Kwa Remmy, mwaka 2003. Kina silingi bodi, choo cha ndani, mwenye nyumba haonekani. Nilijivuna. Nikamfuata shangazi Magomeni nikampakia kwenye kipanya, akalalamika safari nzima juu ya muziki. Alikuwa amekonda, anatembea kwa kushika bega langu. Nilifungua mlango, naye akasimama kizingitini. Akavuta pumzi. Akainua uso juu ingawa hakuona tena hata balbu. Kisha akaniachia bega, akaenda polepole hadi ukutani, akainama kwa taabu, akapitisha kidole.

Nilimngoja. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na moyo unanidunda kama mtahiniwa.

Akainuka, akajipangusa kwenye kanga. "Umekwisha lipa?"

"Ndiyo, shangazi. Miezi sita."

Akatikisa kichwa, akatafuta pa kuketi. "Basi chumba kizuri," akasema, na kuomba maji ya kunywa.