Kalamu Ipo Mkononi mwa Nani

Orodha yangu ya dirisha kubwa la usajili huanza na majina ya watu wasiocheza mpira. Juu kabisa naandika kocha, na pembeni yake mwezi ambao mkataba wake unaisha. Chini yake anakaa anayeidhinisha malipo, kisha anayeshika nywila ya mfumo wa usajili, kisha mawakala wawili watatu ambao simu zao viongozi huzipokea hata usiku wa manane. Wachezaji hufuata baadaye, kwa penseli.

Natangaza michezo redioni hapa Mwanza, na wasikilizaji wamenizoea kwa jambo hili: kabla klabu haijamtambulisha mtu, nimeshasema nani anakuja. Naishi Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Geita, na Juni ikishaingia siwezi kununua hata vocha kwa amani. Kondakta ananiuliza akiwa ananing'inia mlangoni. Mzee mmoja anayechoma mahindi karibu na stendi huniita, "Ng'wanawane, hebu sogea. Namba tisa tumempata?" Pamba ya Mwanza anaizungumzia kama ng'ombe wa nyumbani kwake.

Wanachonichanganyia ni maswali mawili. La kwanza ni nani atasajiliwa. La pili ni nani anafaa kusajiliwa. Mimi nalipwa kwa la kwanza. La pili tunabishana bure kijiweni, na huko nina maoni kama kila mtu.

Chukua habari ya Hasheem Thabeet, ambayo bado inabishaniwa. Juni 2009 kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye futi saba na ushee, aliitwa wa pili katika drafti ya NBA, pale timu za kikapu za Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na kuchukuliwa na Memphis Grizzlies. Kabla yake alichaguliwa Blake Griffin, baada yake James Harden, na Stephen Curry akasubiri mpaka nafasi ya saba. Leo ni rahisi kuitazama orodha ile na kuwacheka waliochagua. Lakini mtu aliyeandika kabla ya usiku ule kwamba Memphis watamchukua Thabeet alikuwa mtabiri hodari, hata kama Thabeet angecheza mechi moja tu maishani. Alikuwa amewasoma Memphis.

Drafti yenyewe niliijua kwanza kupitia mpira wa kikapu, kisha nikaifuata kwenye mpira wao wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia. Huko ilianza mwaka 1936. Leo timu za NFL ni 32 na uchaguzi una raundi saba. Kwa kawaida timu iliyofanya vibaya kuliko zote huchagua kwanza na bingwa huchagua mwisho, ingawa timu zinaruhusiwa kubadilishana nafasi. Kuna watu ambao kazi yao mwaka mzima ni kutabiri orodha hiyo. Wanajua nani anakaa nafasi gani, pengo la timu liko wapi, na nani wameshachukuliwa kabla ya zamu yake. Nawaonea wivu. Wana foleni inayojulikana.

Sisi foleni yetu imepinduliwa. Aliyekuwa juu ndiye anachagua kwanza, kwa sababu ndiye mwenye fedha. Ni kama soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba alfajiri: sato wakubwa huondoka na mwenye gari la barafu, na mama wa genge anapofika anachagua katika waliobaki. Simba, Yanga na Azam wakishamaliza, ndipo klabu ya kanda ya ziwa inajua hasa soko lina nini. Kwa hiyo siku za mwanzo za dirisha huwa sitabiri lolote kuhusu Pamba. Natazama Dar es Salaam. Yanga ikichukua beki wa kushoto, kuna beki wa kushoto mwingine atakayekosa namba, na huyo ndiye naanza kumfuatilia: mkataba umebaki kiasi gani, anaweza kutoka kwa mkopo, mshahara atalipa nani.

Elimu kubwa niliipata 2017, kwa kuitazama Mbao ikibomoka baada ya kufanikiwa. Msimu ule Mbao, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapa CCM Kirumba, bao moja bila, kisha ikaenda Jamhuri, Dodoma, kucheza fainali na Simba tarehe 27 Mei. Ilifungwa 2–1 baada ya dakika za nyongeza. Jiji lilikuwa bado linajadili fainali wakati mimi naandika orodha ya watakaoondoka. Hapakuwa na uchawi. Wachezaji wazuri, mishahara midogo, mechi kubwa iliyoonekana na nchi nzima kwenye televisheni. Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba. Kocha Etienne Ndayiragije naye hakukaa milele. Baadaye alipita KMC na Azam mpaka akaifundisha Taifa Stars. Mwaka uliofuata Habib Kiyombo akaelekea Singida United.

Na Pius Buswita, wa Mbao hiyohiyo, akanifundisha kwamba saini si mwisho wa habari. Alisaini Simba, akasaini na Yanga. Shirikisho la mpira, TFF, likamfungia mwaka mmoja. Baadaye mambo yakamalizwa, kifungo kikaondolewa, akavaa kijani na njano ya Yanga. Tangu hapo sisemi mtu "amesajiliwa" kwa sababu nimeonyeshwa picha yake akiwa na kalamu. Picha ya kalamu hupigwa hata na asiyejua kusoma alichosaini. Nasubiri jina liingie kwenye mfumo, na kwa mgeni nasubiri hati ya uhamisho wa kimataifa itoke kwao. Kabla ya hapo nasema "wamemalizana", na wasikilizaji wangu wanajua tofauti.

Alliance ilinipa somo la namna nyingine. Ile ni shule, inalea vijana, na mwenye kulea hujua siku moja atauza. Balama Mapinduzi alitoka pale kwenda Yanga 2019, Dickson Ambundo akaenda Gor Mahia ya Kenya mwaka huohuo, na Israel Mwenda, aliyekulia hapohapo, akapitia KMC kabla ya kufika Simba 2021. Kutabiri nani anatoka Alliance ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote. Ugumu ulikuwa kutabiri anakwenda wapi.

Pamba ni kitabu kingine, na kirefu. Ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi 2024 kwa jina la Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji. Watu wa kijiweni hawapendi nikianza kuzungumzia halmashauri, wanataka majina. Lakini mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, na fedha ya umma haiendi sokoni kama fedha ya tajiri anayefungua droo. Ina karatasi, ina vikao, ina mtu anayeuliza risiti. Mtabiri asiyelijua hilo atataja mchezaji wa kuvunjiwa mkataba kwa fedha nyingi mwezi Juni, kisha atashangaa kwa nini haonekani. Mimi kwa klabu ya namna hiyo huanza na mchezaji huru, kisha wa mkopo, kisha yule ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu, maana huyo sheria inamruhusu kuzungumza na klabu nyingine bila kuomba ruhusa.

Halafu kuna kocha. Pamba ilianza msimu wa 2024/25 na Goran Kopunović. Oktoba akaondoka, akaja Fred Felix Minziro. Siku ile nilitupa karatasi ya zamani. Kikosi kilichosajiliwa kwa ajili ya macho ya mtu mmoja sasa kilikuwa kinatazamwa na mwingine, na dirisha dogo la Desemba lilikuwa mlangoni. Minziro tulimjua toka Geita Gold, timu aliyoifikisha nafasi ya nne 2021/22, msimu ambao George Mpole alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Mpole mwenyewe, baada ya kupita Lupopo ya Congo, alikuwa tayari yuko Pamba. Kocha wa Kitanzania akipewa timu katikati ya msimu ikiwa inahangaika, hana muda wa kugundua vipaji. Anampigia simu aliyemwona akivumilia. Basi mimi kabla ya kutaja jina lolote hupitia vikosi vyote ambavyo kocha huyo amewahi kufundisha, natoa waliostaafu, natoa waliogombana naye. Wanaobaki hawazidi vidole vya mikono.

Vipo vyanzo ambavyo havimo katika darasa lolote la uandishi. Dalali wa nyumba anajua kabla ya msemaji wa klabu: akiulizwa chumba na sebule chenye maji ya uhakika, karibu na uwanja wa Nyamagana, kwa mtu "mrefu, mgeni, hana familia", anakuja kipa. Kinyozi anajua. Dereva wa bodaboda anayempeleka mchezaji mazoezini anajua nani ameanza kufunga mizigo, siku nyingi kabla "thenkyu" ya klabu ya kumuaga haijawekwa mtandaoni. Na thenkyu yenyewe ni taarifa nzuri kuliko utambulisho, maana inakuambia pengo limefunguka wapi na nafasi ngapi za wachezaji wa kigeni zimerudi katika zile 12 ambazo klabu inaruhusiwa.

Wanaonisumbua ni mawakala. Jina likitajwa redioni, bei inapanda. Wao wanalijua hilo kuliko mimi. Wakala atapiga simu kwa sauti ya undugu, "Kaka yangu, hii nakupa wewe peke yako," na nikiuliza rafiki zangu wa redio nyingine wote wamepewa peke yao. Anachotaka ni klabu ya tatu isikie kwamba mchezaji anagombewa. Wengine hutuma kitu kidogo kwenye simu bila kuombwa, nami narudisha, na makato nalipa mwenyewe. Utaratibu wangu ni kutosema mpaka nisikie kwa anayeuza na kwa anayelipa, na wasiwe wamekaa meza moja waliponiambia. Hili limenikosesha habari nyingi za kwanza. Vijana wa mtandaoni wananitangulia, wanapata maelfu ya waliopenda, na mimi nafika nikiwa na jina sahihi wakati watu wameshalala. Sioni tatizo.

Hata hivyo pengo si kila kitu, na hapa nairudia Marekani kwa sababu ya mjukuu wa jirani yetu ng'ambo ya ziwa. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, akawa jaji mkuu, akauawa 1972 katika utawala wa Idi Amin. Mjukuu wake Mathias, mzaliwa wa Indianapolis, alicheza mpira wa Kimarekani katika chuo cha Boston College, akiwa mtu wa pembeni katika safu ya mbele ya ulinzi, wale wanaomkimbilia mpiga pasi kumwangusha. Katika drafti ya 2006, New York Giants walibadilishana nafasi na Pittsburgh, wakashuka kutoka ya 25 hadi ya 32, wakamchukua yeye. Sasa tazama kikosi chao: nafasi ileile walikuwa na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Mtabiri wa kuhesabu mapengo angekuapia kwamba Giants hawahitaji mtu wa namna hiyo.

Lakini Strahan alikuwa na miaka 34. Pengo lilikuwepo, ila lilikuwa la miaka miwili mbele. Kiwanuka walimsogeza safu ya pili wapate pa kumweka, na Strahan akastaafu 2008, mara tu baada ya Giants kuwafunga New England Patriots fainali ya Super Bowl 17–14. Kiwanuka alikaa Giants mpaka 2015.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu nimeongeza safu ya umri. Kwa klabu zetu inasaidia kidogo tu, nakiri, kwa sababu ni nani huku anayesajili kwa ajili ya miaka miwili ijayo? Kocha ana mechi tano za kujinusuru. Kiongozi ana mkutano mkuu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wenzangu wanaozilaumu klabu za kanda ya ziwa kwamba hazina mipango. Gwambina ya hapa Misungwi ilipanda Ligi Kuu 2020 na kushuka mwaka uliofuata. Geita Gold ilicheza Kombe la Shirikisho Afrika 2022, na 2024 ikashuka. Mwenye kalamu anayejua hayo atanunua miguu iliyo tayari leo, wala si mjinga. Nikitaka kutabiri sawasawa, lazima niikubali hofu yake na kuihesabu.

Wiki iliyopita wakala mmoja alinifuata mpaka Usagara, na kijana wa miaka 18 anayecheza kiungo mkabaji, mtaratibu, mwenye pasi ndefu ambazo sijaziona siku nyingi katika viwanja vya mchangani. Akanisihi nimtaje kwenye kipindi cha Jumamosi kwamba anakwenda klabu fulani. Nikamwambia kijana anajua mpira kweli, lakini klabu ile kocha wake amebakiza mkataba mpaka Desemba na viungo wakabaji anao watatu, wote wamepita miaka 30, na atawashikilia hao mpaka siku anayofukuzwa.

"Sasa nimpeleke wapi, kaka?"

Nikamtajia klabu nyingine, ambayo kocha wake amesaini miaka mitatu.