Kile Kifuko Kilikuwa Pamba

Picha yangu inayojulikana kuliko zote ni ya uongo. Kila ninapoingia nyumba yenye kalenda iliyochapwa picha hiyo ukutani, natafuta kiti kitakachonifanya niipe mgongo.

Ilikuwa 2021, nimetoka Kasongo, mkoani Maniema, kwa pikipiki kwenda upande wa Kabambare, katika bonde la mto Luama. Kamera yangu ilikuwa kuukuu, na lenzi ya kawaida ya milimita 50. Lenzi maalumu ya kupigia vidudu sikuimudu, kwa hiyo niliigeuza ile niliyokuwa nayo mbele nyuma, nikaifunga kwa pete ya dola chache. Ikigeuzwa hivyo inakuwa kama kikuzio. Mguu wa nzi unageuka tawi lenye miiba. Lakini adhabu yake ipo: kinachoonekana kwa ukali ni unene wa milimita moja au mbili tu, na ukivuta pumzi, jicho ulilolilenga limekwisha kupotea. Mbele ya flashi nilifunga kipande cha mfuko mweupe wa plastiki ili mwanga usichome.

Mama mmoja alikuwa ameniruhusu kuingia shambani mwake alfajiri. Ni shamba la mpunga, zao ambalo Waungwana, watu wa misafara ya biashara kutoka pwani, walilileta Maniema katika karne ya 19 pamoja na hiki Kiswahili chetu. Kwenye mpunga wanaishi buibui wasiotega utando, wale wanaokimbilia windo kwa miguu. Kuwapata ni rahisi kabla hapajapambazuka. Unaweka tochi karibu na paji la uso, unamulika chini, na macho yao yanakujibu kwa cheche za kijani.

Nilimpata jike amebeba kifuko cha mayai, cheupe, mviringo, kama punje ya pilipili manga, amekishikiza kwa nyuzi nyuma ya tumbo. Nilimfuata karibu saa nzima. Kila nikilenga macho, kifuko kinakuwa ukungu. Nikilenga kifuko, anageuka. Basi nikatoa kibanio, nikamnyang'anya. Aliking'ata kile kibanio. Nilihisi mtikisiko wake mdogo vidoleni. Nikakiweka kifuko juu ya jani nikipige peke yake kwanza, na nilipoinama, mkono wa koti langu ukalipangusa jani. Kikaanguka. Chini palikuwa na mabua, matope na magugu.

Nilitafuta hadi jua likatoka. Naye alitafuta. Alizunguka palepale nilipomnyang'anya, akigusagusa udongo kwa miguu ya mbele, akienda hatua chache na kurudi. Mwenye shamba alikuja na jembe lake, akasimama nyuma yangu.

“Papa, anatafuta nini huyu?”

Nikamwambia anatafuta chakula. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilimwambia mtu aliyenifungulia shamba lake.

Alipoondoka nilifungua mkoba, nikachukua pamba ya kusafishia lenzi, nikaiviringisha kwa mate mpaka ikatoshana na kifuko, nikaidondosha mbele ya buibui. Aliigusa, akaipanda, akaishikiza nyuma ya tumbo, akatulia. Ndipo nikapiga picha. Safari hii macho na mzigo vilitoka vizuri pamoja, kwa sababu alikuwa amechoka na hakukimbia tena.

Baadaye nilisoma kwamba Mfaransa Jean-Henri Fabre, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alimpa buibui wa jamii hii kipira cha kizibo, naye akakibeba kama chake. Nilifurahi kwa dakika chache, kana kwamba nimepata wakili. Lakini Fabre aliandika alichokifanya. Mimi chini ya picha niliandika “Mama na mayai yake”, nikaiuza dola 50 kwa watu waliokuwa wakitengeneza kalenda. Nasikia nakala moja imetundikwa kwenye chumba cha wazazi. Wanawake wanaongoja uchungu wanaitazama.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa msemaji sana. Niliwasema wapiga picha wa Ulaya wanaotia panzi kwenye friji ili wapoe wasiruke, na wanaogandisha vidudu kwa gundi. Nilijiona mwadilifu. Ulikuwa uadilifu wa mtu asiye na umeme nyumbani: friji ningeitoa wapi?

Na kile kifuko halisi, hata kama siafu hawakukipata, sidhani kilifika popote. Kwa buibui hawa mama ndiye hukipasua wakati ukifika, na watoto hupanda mgongoni mwake na kubebwa kwa siku kadhaa. Bila yeye wanabaki ndani. Yeye nilimwacha akiondoka kati ya mabua na pamba yenye mate yangu, akiinyanyua isiburutike.

Sijarudi kwa yule mama mwenye shamba kumweleza, nitarudi. Pesa nimekwisha kuzila. Wenye kalenda nimewaambia, wakacheka, wakasema hakuna atakayejua.

Nawe kama unayo kalenda hiyo, ifungue mwezi wa tano, uisogelee. Picha ya karibu haifichi kitu. Upande wa kushoto wa kifuko kuna nyuzi tatu zimechomoza, nene kuliko uzi wa buibui. Hiyo ni pamba.