Kizinga Siyo Mtaro

Watu wa Mbagala ni hodari wa kupachika majina. Zakhem lilikuwa jina la kampuni ya ujenzi. Rangi Tatu, kila mtu ana hadithi yake. Ukielekea mjini kwa Barabara ya Kilwa unapita Mtoni, na kituo kimoja kinaitwa Mtoni kwa Aziz Ali. Hebu sikiliza vizuri: jina la mtu limo, jina la mto halimo.

Mto wenyewe unaitwa Kizinga. Unatoka upande wa vilima vya Pugu, unakuja taratibu hadi chini ya daraja, kisha unaingia kwenye mikoko nyuma ya bandari. Kusini yake, kule Kongowe, kuna mto Mzinga, na yote miwili inamwaga maji kwenye mkono mmoja wa bahari. Mzinga na Kizinga: kwa sikio la Mswahili ni kama mlima na kilima, mtu na mdogo wake.

Siku hizi vijana wenzangu wanauita mtaro. "Tupa mtaroni!" Basi, mfuko wa taka umekwenda. Nilimuuliza mshikaji wangu mmoja, huu mto unaitwaje? Akacheka. "Mto gani, bwana? Si maji machafu tu hayo?" Ndipo nikaelewa kazi ya jina. Kitu chenye jina unakionea haya kidogo. Mtaro hauna mwenyewe.

Na huo wanaouita mtaro ndio ulionywesha mji. Kabla mtambo wa Ruvu Juu haujaanza mwaka 1959, Dar es Salaam ilitegemea visima na maji ya Kizinga yaliyosafishwa pale Mtoni. Leo mama yangu ananunua maji kwa ndoo, na mto uko bondeni.

Sisi tunaojidai waandishi tuna sehemu yetu katika jambo hili. Mashairi yetu yamejaa Nile, wengine hadi Thames, ambayo hatujawahi kuchovya hata kidole. Wa kwetu tunauvuka kila siku ndani ya daladala, tumebanana, hakuna anayechungulia dirishani. Kuusafisha kunataka fedha na serikali. Kuutaja kunataka kalamu tu. Kwa hiyo, mwenzangu, ukitunga hadithi ya Mbagala, usiandike "walivuka mto mmoja". Andika: walivuka Kizinga.