Hesabu ya Mchana wa Februari

Binti wa dada yangu anasomea leseni ya rubani binafsi pale uwanja wa ndege wa Wilson. Juzi aliokota mezani kwangu kompyuta ya safari, ile sahani ya kuzungushwa kwa kidole, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ya kasi, mafuta na upepo. "Mjomba, simu inafanya hayo yote." Nikamuuliza: mchana wa Februari, joto nyuzi 26, injini itavuta hewa ya futi ngapi? Akaomba nimpe majibu manne achague.

Leseni yangu ya kwanza ina muhuri wa 1987. Nadharia tulisomea jioni, katika chumba kilichopakana na karakana. Kilinuka wino wa stensili na petroli ya ndege, ile ya buluu, ambayo harufu yake ilipanda nasi matatu hadi nyumbani. Mwalimu wetu alikuwa fundi kabla hajawa rubani, na penseli haikumtoka sikioni. Vitabu vilitoka Uingereza. Vilisema ukiupa upepo mgongo, kanieneo ndogo ya hewa iko kushoto kwako. Mwalimu alikifunga kitabu. "Kusini mwa dunia ni kulia. Na hapa, karibu hivi na ikweta, kanuni yenyewe haishiki." Akatutoa nje tutazame mawingu yalivyovilalia vilima vya Ngong.

Hakumruhusu mtu kwenda mtihani wa serikali kabla hajamwandikia hesabu ile kwa mkono. Wilson iko futi zaidi ya 5,500. Kwa kimo hicho joto la kawaida ni nyuzi 4. Likifika 26, ziada ni 22, na kila nyuzi huongeza takriban futi 120. Basi ungali chini, ndege inapumua hewa ya futi zaidi ya 8,000, kimo cha vilele vya Ngong vilivyo mbele yako. Jibu sahihi lisiloonyesha njia alilipa sifuri. Nilimchukia kwa hilo, na ninamshukuru mpaka leo.

Tangu hapo mafunzo yamebadilika, na mabadiliko mengine yalikuwa ya heri. Kanuni za 1989 za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zilileta somo la mwili na akili ya rubani: uchovu, upungufu wa oksijeni, sikio linalokudanganya ukiwa ndani ya wingu. Sisi tuliambiwa tu tuwe wanaume.

Baadaye, katika mitihani, majibu ya kuchagua yakatawala, kisha kompyuta. Uingereza yenyewe ilihamia huko 2020: masomo 9, maswali 120, asilimia 75 umefaulu. Sina ugomvi na kompyuta. Haina upendeleo na haipotezi karatasi. Kinachonikera ni hazina za maswali ya zamani zinazouzwa, vijana wakikariri kwamba jibu ni C. Ndege iliyojaa mafuta saa nane mchana haina C.

Wanaotunga mitihani waongeze swali moja tu kwa kila somo, liandikwe kwa maneno na hesabu, lihusu uwanja ambao mwanafunzi atarukia. Lisahihishwe na mtu aliyewahi kuruka hapo.