Mtoto anapopenda katuni za Kijapani

Kijana wangu wa kidato cha pili akishika simu hapa kwetu Mbezi Luis, ni Naruto tu. Kijapani ameanza kukiokota humo humo, na sasa wadogo zake wote anawaita "omae".

Neno hilo maana yake ni "wewe", lakini ni la marafiki wa karibu au watu wanaogombana. Ukimwambia mwalimu kule Japani, umemtukana. Wajapani nao wana heshima zao kama sisi na shikamoo yetu: jina la mtu huongezewa "san", na maneno humalizwa kwa "desu" au "masu". Katuni za mapigano hazimfundishi mtoto hayo.

Simu sikumnyang'anya. Nilimfungulia tovuti ya NHK World, shirika la utangazaji la Japani, yenye masomo mafupi ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, tena bure. Tumekubaliana somo kwanza, katuni baadaye, na mimi nakaa pembeni nasikiliza.

Wazazi wenzangu, jaribuni. Somo la kusikiliza linakula bando kidogo kuliko katuni, na mtoto anapata lugha pamoja na adabu yake.